Daftari la Chumba cha Kupimia Masikio

Jumatatu, 4 Machi 2024, Tanga

Asubuhi ameletwa mwalimu wa darasa la tatu. Humu nitamwita Mwalimu Z. Ana miaka 41. Aliyemleta ni kaka yake, na kila nililouliza alilijibu yeye, mpaka nikamwomba akatusubiri nje kwenye benchi. Mgonjwa wa masikio akija na msemaji, utaondoka na habari za msemaji.

Sikio la kulia lilianza kuziba siku za mwaka mpya. Alidhani ni maji ya bahari, kwa sababu walikwenda Raskazone kuogelea na watoto. Duka la dawa walimpa matone. Zahanati moja wakamsafisha kwa bomba la maji, ingawa kwa maelezo yake hakuna nta iliyotoka. Mwisho wa Januari likaanza kuvuma usiku kucha, na katikati ya Februari la kushoto nalo likafuata. Kuna siku anaamka ana nafuu, akaita watu wa nyumbani kuwaambia amepona, na jioni yake hasikii tena.

Nimechungulia. Njia za masikio safi, ngoma zote mbili zinang'aa, timpanometri haina neno. Nikamwingiza chumbani, nikamvalisha vipokea sauti, nikampa kitufe. Kulia wastani ni desibeli 60, kushoto 40. Mstari wa mfupa umelala juu ya mstari wa hewa bila mwanya wowote, kwa hiyo tatizo liko ndani: kwenye koklea au kwenye mshipa wa fahamu unaotoka humo.

Kilichonishtua zaidi ni maneno. Namsomea "fimbo", anajibu "wimbo". "Shati", anajibu "kati". "Paka", anajibu "taka". Sikio la kulia hakufikisha hata nusu, na sauti nilikuwa nimeipandisha vya kutosha. "Nakusikia, mama," ananiambia, "ila sikupati."

Masikio mawili yakifuatana kwa wiki chache tu, kwa mtu wa umri huu, hiyo si nta, si uzee, wala si makelele ya darasani. Nimemuuliza kuhusu vinavyojulikana kuharibu masikio. Kwinini: hajanywa, malaria ya mwisho alitibiwa kwa dawa mseto. Sindano za TB: hajawahi kuchomwa. Homa ya uti wa mgongo: hapana. Kizunguzungu anacho kidogo, akiinuka gizani. Kwenye karatasi ya kwenda kwa Daktari nimeandika "leo leo" na kupiga mstari chini.

Jumatano, 6 Machi

Daktari amefika kulekule nilikofika, ila yeye ana jina lake: ugonjwa wa kinga ya mwili kulishambulia sikio la ndani. Si kitu cha kila siku. Vitabu vinasema haufiki asilimia moja ya wote wanaopoteza usikivu, na huwapata zaidi wanawake.

Ameagiza damu: sukari, VVU, homa ya ini, vipimo vya lupasi na baridi yabisi, na kaswende, ambayo ikikaa mwilini miaka mingi inaweza kuiga picha hii hii na dawa yake ni nyingine kabisa. Picha ya kifua kwa ajili ya TB. Macho nayo yaangaliwe, kwa sababu ya ugonjwa alioueleza David Cogan, daktari wa macho wa Boston, mwaka 1945: macho mekundu yasiyostahimili mwanga, na masikio yanayopotea pamoja nayo. MRI itabidi aifuate Dar es Salaam, kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu.

Katika orodha yote hiyo hakuna kipimo hata kimoja kinachosema "ndio huu". Vyote vinasema "si ule". Kuna kile cha kutafuta kingamwili dhidi ya protini ya kilodaltoni 68, ambacho Wamarekani walikitumainia sana miaka ya 1990, lakini kimeshindwa kutabiri nani dawa itamsaidia. Kukata kinyama tukakitazame kwa hadubini, hapana. Koklea ina upana wa milimita 9 hivi, imezikwa katika mfupa mgumu kuliko mifupa yote ya mwili, na ukiitoboa kuchukua sampuli umeshaua usikivu uliokuwa unauhangaikia.

Kinachobaki ni prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga. Mpe mgonjwa, mpime tena. Usikivu ukipanda, basi ndio huo. Nimemwambia Daktari kwamba hapo dawa ndiyo inayoupa ugonjwa jina. Akacheka. "Mama, una njia nyingine?"

Sina.

Jumamosi, 9 Machi, usiku

Nimesoma mpaka umeme ukakatika, nikaendelea kwa simu.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba sikio la ndani kinga haifiki. Walikuwa na sababu. Kuta za mishipa midogo ya damu ya koklea zimebana, haziachii protini na chembe za damu kupenya ovyo kwenda kwenye maji ya ndani, na mambo ni hayohayo kwenye ubongo. Tezi za limfu nazo hawakuziona humo. Mwaka 1958, huko Ujerumani, Ernst Lehnhardt aliwatazama watu waliopoteza usikivu wa masikio yote mawili akatoa wazo: huenda sikio la kwanza likiharibika, mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya vipande vyake, na kingamwili hizo zikaenda kulipata la pili. Hakuwa na ushahidi mkononi. Ilibidi ifike 1979 ndipo Brian McCabe wa Iowa achapishe habari za wagonjwa 18 ambao usikivu wao ulikuwa ukishuka pande zote mbili, na dawa za kutuliza kinga zikawasaidia.

Miaka minne baadaye Jeffrey Harris aliwatia simbilisi protini ngeni ndani ya sikio. Kingamwili zikapatikana kwenye maji ya sikio lenyewe, zimetengenezwa hapohapo. Basi habari ya kwamba kinga haifiki ikaisha. Leo inajulikana kwamba pembeni ya koklea kuna kifuko cha endolimfu ambamo chembe za kinga zinakutana na vitu vigeni, na kwamba makrofaji wamo ndani ya koklea tangu mtu akiwa mzima wa afya, wakizoa seli zilizokufa. Hata seli za kawaida za ukutani, zikichokozwa, hutoa kemikali zinazoita chembe nyeupe zitoke kwenye damu ziingie.

Zikishaingia, uwanja ni mdogo mno. Mtoto huzaliwa na seli za vinyweleo, zile zinazopokea sauti, kama 15,000 kila sikio, na kwa binadamu ikifa haioti nyingine. Kwa kuku zinaota. Iligunduliwa miaka ya 1980. Niliwahi kumweleza hivyo mzee mmoja fundi cherehani, akafikiri kidogo, akasema kumbe kuku tunamchinja bure.

Kinachonipa matumaini kwa Mwalimu Z. ni zile asubuhi zake za nafuu. Seli iliyokufa haina asubuhi ya nafuu. Kwa hiyo kuna kitu kimedhoofika lakini kipo. Mimi nafikiria ule utepe wa mishipa ya damu uliopo ukutani mwa koklea, unaosukuma potasiamu na kuweka umeme wa milivolti 80 hivi ndani ya maji. Umeme huo ukipungua, seli za vinyweleo zinakuwa hai na hazina nguvu ya kufanya kazi. Panya wa maabara wenye ugonjwa unaofanana na lupasi, utepe huo kwao huharibika, na usikivu unaondoka nao.

Jumatano, 13 Machi

Ramadhani imeingia. Majibu yamerudi: sukari sawa, kifua safi, kaswende hamna, VVU hamna, macho mazima. Kipimo kimoja cha lupasi kimetoka chanya kidogo sana, kiasi ambacho wazima wengi tu wanacho. MRI bado. Daktari hataki kuisubiri, nami naona ana haki; sikio lililovimba ndani halingoji zamu ya mashine.

Miligramu 60 kwa siku. Vidonge vyetu ni vya miligramu 5, kwa hiyo ni 12 kila asubuhi, juu ya chakula. Kabla yake amepewa dawa ya minyoo, maana kuna minyoo inayoishi kimya tumboni miaka na miaka, na kinga ikilazwa na prednisoloni huamka ikasambaa mwilini kote. Akaambiwa pia kwamba dawa hii haiachwi ghafla hata kama anaona amepona, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza ya kwao mara zikiona inaletwa tayari.

Ubishi ukawa kwenye kufunga. Kaka yake akasema mgonjwa ameruhusiwa kula. Yeye akasema, "Mimi nasikia vibaya tu, siumwi." Alitaka anywe vidonge wakati wa daku kisha afunge. Daktari akakataa kwa wiki za mwanzo, kwa ajili ya sukari na maji. Akanyamaza, akakunja ile karatasi ya dawa ikawa ndogo kabisa, akasema siku atazilipa.

Jumatatu, 25 Machi

Hakuna kipimo. Masika imeanza na paa letu ni la bati. Chumba cha kupimia kimezibwa kwa magodoro na mazulia, na kwa mazungumzo ya nje kinatosha, lakini mvua ikishuka ni kazi bure: ukimpima mtu humo unapima mvua. Amekuja kutoka Pongwe kwa daladala na amerudi vilevile.

Jumatano, 27 Machi

Karatasi ya zamani naifungia kwenye droo kabla mgonjwa hajaingia. Mpimaji anayejua mstari ulipoishia mara ya mwisho atakawia kidogo pale anapotaka uonekane, hata kama ni mwaminifu.

Kulia 45. Kushoto 25. Maneno, kulia 76 kwa mia, kushoto 92. "Fimbo" imerudi kuwa fimbo. Desibeli 5 huwa sizihesabu, mtu yuleyule akipimwa mara mbili siku hiyohiyo huweza kupishana kwa kiasi hicho. Lakini 15, kwenye tani zote, masikio yote mawili, siwezi kuziita bahati.

Alipovua vipokea sauti alitazama juu akauliza, "Feni hii inalia hivi siku zote?" Inalia hivyo tangu iliponunuliwa.

Daktari amefurahi, ameandika jina la ugonjwa kwenye faili kwa herufi kubwa. Mimi nikamletea habari ya Dennis Trune na wenzake wa Oregon, waliowapa wale panya wenye ugonjwa wa lupasi prednisoloni, na panya wengine homoni ya aldosteroni ambayo kazi yake ni chumvi na potasiamu, wala haisifiki kwa kutuliza kinga. Homoni ile nayo iliwasaidia. Maana yake, prednisoloni inaweza kumpandisha mtu usikivu kwa kuurekebisha ule utepe wa potasiamu, kinga iwe imehusika au haikuhusika. Dawa kufanya kazi hakutoshi kuthibitisha jina.

"Usimwambie mgonjwa," akasema.

Sikubaliani naye. Mtu anayemeza vidonge 12 kila siku ana haki ya kujua ni wapi tunajua na ni wapi tunabahatisha. Ila sikumwambia leo. Alikuwa anasikiliza feni.

Jumapili, 14 Aprili

Nimekutana na Mwalimu Z. Ngamiani, sokoni, siku chache baada ya Idi. Uso umekuwa wa mviringo, mashavu yamejaa, shingo imenenepa. Tuliposimama hata dakika tano hazijaisha, wanawake wawili walishampongeza. "Mwalimu umenawiri! Shemeji anakutunza." Naye anacheka, anasema alhamdulillahi. Akaninong'oneza kwamba analala saa mbili tu, saa tisa usiku yuko jikoni anakaanga mihogo, na wanawe amewafokea mpaka mdogo akahamia kwa bibi yake. Sukari imeanza kupanda. Lakini darasani anawasikia wa dawati la nyuma, na hilo kwake linatosha kubeba mengine yote.

Prednisoloni ni kuzima umeme wa mtaa mzima kwa sababu ya waya uliochomeka nyumba moja. Waya unapoa, kweli. Na mafriji ya watu yote yanaanza kuvuja. Kwa bei yake, ambayo mwalimu anaimudu bila bima, hatuna mbadala wa kuulinganisha nayo.

Jumapili, 21 Aprili

Nimekumbuka Morogoro. Nilipokuwa nasoma kule, tulikuwa tunawaona watu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wakitega panya mashambani, yule panya mdogo wa kahawia anayekula mahindi, Mastomys natalensis. Wakati huo nilidhani wanahangaika na mahindi tu.

Panya huyohuyo, kule Afrika Magharibi, ndiye anayebeba virusi vya homa ya Lassa, iliyochukua jina la mji mmoja wa jimbo la Borno, Nigeria, ilikojulikana mara ya kwanza mwaka 1969. Hawa wetu wa Morogoro wana kirusi chao, jamaa wa kile, nacho hakijulikani kumdhuru mtu. Lakini kilichonirudisha huko leo ni masikio. Utafiti wa Sierra Leone uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata wagonjwa wa Lassa hospitalini: asilimia 29 walipata uziwi wa ghafla. Na haukuja wakati homa imepamba moto. Ulikuja mtu anapopata nafuu, virusi vinaondoka kwenye damu na kingamwili zinaingia. Ukali wa homa haukuwa na uhusiano na nani angekuwa kiziwi. Aliyeugua kidogo aliweza kuamka hasikii sauti ya mama yake, na aliyekaribia kufa akatoka mzima wa masikio.

Nimeirudia sehemu hiyo. Kinachofanana na kesi yetu si kirusi, ni saa. Kama kirusi ndicho kingekuwa kinakula koklea, uziwi ungekuja pamoja nacho. Unapokuja baadaye, na jeshi la kinga ndilo lililoshinda, inabidi umtazame mshindi. Maabara ya Galveston, Texas, waliwaambukiza panya wa maabara virusi vya Lassa, na walionusurika wakawa viziwi; wakiyafungua masikio yao wanakuta chembe T zimeingia sikio la ndani na mshipa wa kusikia umeharibika.

Huko ndiko kuna ushahidi tunaoukosa hapa: kabla na baada, tarehe ya maambukizi, tarehe ya kingamwili. Mwalimu Z. hana tarehe hata moja. Ana Raskazone na siku za mwaka mpya.

Jumanne, 7 Mei

Kimbunga Hidaya kimepita kusini kwetu mwishoni mwa wiki. Hapa tumepata upepo na mvua. Leo kumekauka.

Dozi imekuwa ikishushwa hatua kwa hatua na sasa yuko miligramu 20. Kushoto 40. Kulia 55. Maneno ya kulia yameanguka tena. Amejua kabla sijamwonyesha. Kitufe alikuwa anakibonyeza kwa kubahatisha, mara mbilimbili, hata pale nisipotuma sauti, na mtu akianza hivyo ujue anapambana na ukimya. Nilisimamisha mashine tukapumzika, nikampa maji, tukaanza upya. Majibu yakawa yaleyale.

Akaniuliza kwa nini dawa imechoka. Hapo nikamweleza yote, pamoja na panya wa Oregon. Alisikiliza akiutazama mdomo wangu. Mwishoni akasema: "Kwa hiyo mnaijua kwa sababu inatii?" Nikasema ndiyo. "Na ikiacha kutii mtaiita nini?"

Alhamisi, 16 Mei

Majadiliano marefu na Daktari leo, chai ikapoa.

Kinachomtokea si cha ajabu. Katika majaribio ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2003, watu 116 walianzishiwa prednisoni, na waliopata nafuu, 67, waligawanywa: wengine methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, wengine kidonge kisicho na dawa. Matumaini yalikuwa kwamba methotreksati ingeishikilia nafuu hiyo huku prednisoni ikiondolewa. Haikushikilia. Waliomeza kidonge kitupu hawakuzidiwa. Nasikitika kila nikifikiria majaribio hayo, kwa sababu yalifanywa vizuri, na lililoanguka ndilo lililokuwa la bei nafuu.

Baadaye, 2014, Andrea Vambutas wa New York na wenzake walijaribu anakinra, sindano inayozuia ujumbe wa intaleukini-1, kwa wagonjwa ambao steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, zilishindwa kuwasaidia. Kati ya 10 waliomaliza, 7 walipata nafuu. Ni watu wachache na hakukuwa na kundi la kulinganisha. Ila njia yake inaingia akilini. Kuna ugonjwa wa kurithi walioueleza Muckle na Wells mwaka 1962, ambao ujumbe huohuo wa intaleukini-1 hutolewa bila breki. Watoto wanapata homa, vipele, na ukubwani uziwi. Baadhi yao wakipewa anakinra usikivu hurudi. Kwa hiyo tunajua kwa hakika kwamba ujumbe huo unaweza kumtia mtu uziwi. Sindano ya kila siku, ya kuwekwa kwenye friji, kwa mshahara wa mwalimu: Daktari hakulimaliza swali na mimi sikulijibu.

Tumekubaliana hivi. Dozi irudi juu kwa muda mfupi, kisha ishuke polepole zaidi ya mwanzo. Sikio la kulia lichomwe deksamethasoni kupitia ngoma, ili dawa ifike ndani bila kuzunguka mwili mzima. Na shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti, aanze kulivaa sasa. Daktari alitaka tungoje usikivu utulie; nikamwambia mtoto wa darasa la tatu hangoji.

Jumatano, 29 Mei

Sindano ya kwanza. Amelazwa ubavu wa kushoto, ngoma ya kulia ikatiwa ganzi, sindano nyembamba ikapitishwa chini ya hadubini. Dawa ilipashwa joto la mwili kwanza, kwa sababu ikiingia ya baridi chumba chote kitamzunguka. Kisha kazi ngumu, ambayo ni kutofanya kitu: nusu saa bila kusema, bila kumeza mate ukiweza, ili dawa ikae kwenye kidirisha cha mviringo na kupenya badala ya kuteremka kooni. Nilikaa naye. Machozi yalimtoka jicho la juu tu, yakapita puani, na hakuweza kuyafuta. Nikamfuta mimi. Alipoinuka la kwanza kusema ni kwamba dawa ni chungu. Nyingine ilikuwa imeshafika kooni.

Ijumaa, 14 Juni

Shule zimefungwa, na hilo limemsaidia kupumzika. Kulia 50, maneno 60 kwa mia. Kushoto 30. MRI aliyofanyiwa Dar es Salaam haina uvimbe. Shimesikio la kushoto nimelifungua leo mashine ikiwa mbele yetu na kulirekebisha mara tatu. Mara ya kwanza alisikia karatasi zinapasuka masikioni. Nikashusha sauti nyembamba. La kulia nimelipa nguvu zaidi. Kwa mtu ambaye usikivu wake unapanda na kushuka, huwezi kurekebisha shimesikio ukalisahau, kwa hiyo nimeweka programu mbili na kumfundisha kubadilisha: siku njema na siku mbaya. Aliuliza kama kuna ya tatu, ya mkutano wa wazazi.

Amesikia kwamba Muhimbili wanapandikiza vifaa vya kusikia ndani ya koklea tangu 2017. Nikamwambia ukweli: kwake huo ni mlango wa mwisho, na watu wenye ugonjwa huu mara nyingi hufanya vizuri wakipandikizwa, kwa kuwa mshipa wao wa kusikia kwa kawaida bado ni mzima. Isipokuwa uvimbe wa muda mrefu unaweza kujaza mfupa ndani ya koklea, na mfupa ukijaa, uzi wa kifaa haupiti. Kwa hiyo tutaendelea kupima hata tukiwa hatuna dawa mpya ya kumpa.

Jumanne, 25 Juni

Kaka mtu amerudi, safari hii peke yake, akiomba nakala za karatasi zote ili zipelekwe kwa bingwa mmoja Dar es Salaam. Nimezitandaza mezani kwa tarehe. Zikiwa peke yake ni kupanda na kushuka tu, mtu atadhani mashine yangu mbovu. Nimechukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni ya kila moja kiasi cha prednisoloni aliyokuwa anameza siku hiyo: hakuna, 60, 20, na sindano ya sikio ilipoanzia. Hapo ndipo zinasomeka. Nimeongeza pia siku za mvua zilizoahirisha kipimo, bingwa asije akashangaa mapengo.

Duka la fotokopi wametoa wekundu wote ukiwa kijivu hafifu. Kesho naandika upya kwa wino mweusi.